Pakingi ya Kireka ina wenyewe kila saa

Karatasi ilikuwa na swali moja: "Je, unaunga mkono ujenzi mpya katika uwanja wa maegesho?" Chini yake palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana, kisha nafasi ya jina, namba ya simu na sahihi. Iligawiwa Jumatano, saa nne asubuhi, katika chumba cha juu cha jengo la maduka lililoko Kireka, kiungani mwa Kampala, Uganda, karibu na pale njia ya Namugongo inapoiacha barabara ya Jinja. Nilikuwa nimeitwa kukalimani. Mkutano ungeendeshwa kwa Kiganda na Kiingereza, na mwenye jengo alijua kuwa baadhi ya wapangaji wake, akina mama wa Kongo wanaouza vitenge na vijana wa Kenya wa vifaa vya simu, huelewana naye vizuri zaidi kwa Kiswahili. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya sekondari na nyumba yangu iko bondeni, nyuma ya jengo lenyewe. Kwa hiyo nilikaa pale kama mkalimani na pia kama mkazi. Jengo silitaji jina, wala mwenyewe, maana shauri halijaamuliwa.

Mpango wenyewe ni huu. Uwanja wa mbele, unaotosha magari mia hivi, uchimbwe. Maegesho yashuke chini ya ardhi, nayo yaanze kulipiwa. Juu yake lisimame ghorofa: maduka chini, nyumba za kupangisha juu.

Mwenye jengo alieleza sababu zake bila kuficha, na namwelewa. Majengo ya namna hii Kampala na viunga vyake yalijengwa kwa kutegemea mpangaji mmoja mkubwa, supamaketi, ambaye kodi yake ndiyo hubeba mkopo wa benki. Kisha wapangaji hao wakaanza kuondoka nchini mmoja baada ya mwingine: Uchumi mwaka 2015, Nakumatt 2017, Shoprite 2021. Baadhi ya kumbi walizoziacha zilipata wapangaji wapya, nyingine zikakatwakatwa kuwa vibanda vya nguo na saluni. Mikopo ya shilingi hapa Uganda imekuwa na riba ya karibu asilimia 20 kwa miaka mingi, na mtu mwenye deni la namna hiyo akitazama uwanja wa lami uliojaa nusu tu, anaona hasara iliyolala juani. Isitoshe, Kira, manispaa iliyo na Kireka ndani yake, si kijiji tena. Sensa ya 2014 ilihesabu watu 317,157 katika manispaa hii, ikawa ya tatu nchini baada ya Kampala na Nansana. Kila mmoja wao anahitaji pa kulala. Kujenga nyumba Kireka ni jambo la akili.

Kura ilipigwa, "ndiyo" wakawa wengi kwa mbali. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akatia muhuri kwenye orodha ya waliohudhuria, tukapewa soda, tukashuka.

Getini nikamkuta askari wa zamu, mzee wa Kiacholi anayeishi Acholi Quarter, mtaa wa mlimani ulioanzwa na familia zilizokimbia vita vya kaskazini. Kiswahili chake ni cha jeshini, cha amri na salamu, nacho ndicho tunachozungumza mimi naye kila siku.

"Mwalimu, wamemaliza?"

"Wamemaliza, Afande. Watu wengi wamekubali."

"Watu gani?"

Nikaanza kuwahesabu kwa sauti. Wenye maduka. Wenye nyumba za jirani. Mwenyekiti na katibu wake. Daktari wa meno wa ghorofa ya pili. Nilipofika hapo nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimeshajijibu. Wote niliowataja wana nafasi saa nne asubuhi ya siku ya kazi.

"Wewe hawakukuuliza?"

"Mimi askari, mwalimu. Askari anauliza watu, haulizwi."

Nikakaa naye kwenye benchi lake hadi adhuhuri, nikamwomba anisimulie uwanja ule kuanzia alfajiri mpaka alfajiri. Hakuna aliyeujua kama yeye. Kwa wiki kadhaa baadaye nilikwenda mwenyewe kwa saa mbalimbali, nikaona kuwa hakukosea.

Saa kumi na mbili asubuhi pale hakuna magari. Kuna miguu. Wanafunzi, mafundi, wauguzi na wafanyakazi wa viwanda vya Namanve wanapanda kutoka bondeni, wanaingia kwa uwazi ulioko nyuma ya jenereta, wanakata uwanja mshazari hadi kwenye kituo cha taksi (ndivyo Waganda wanavyoiita matatu, au daladala). Wangeweza kuzunguka kwa barabara, lakini barabara hiyo haina njia ya miguu. Pembeni kuna mtaro ulio wazi, na malori ya kokoto hayampishi mtoto. Mzee huyu huwafungulia. Hakuna karatasi inayompa ruhusa hiyo, ni huruma yake na mazoea ya miaka.

Saa tatu hadi saa kumi ndiyo pakingi yenyewe, ile iliyomo kwenye ramani. Hapo sina la kuongeza.

Kuanzia saa kumi na moja jioni vijana wa boda wanajaa upande wa kivuli, kwa sababu ofisi zinafungwa na abiria wanashuka wakiwa na mizigo. Steji yao rasmi iko nje, kwenye kona, na kona hiyo haiwatoshi. Saa moja usiku meza zinaanza kutokea: rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, mahindi ya kuchoma, nyanya zilizopangwa mafungu, viatu vya mitumba vilivyotandazwa juu ya turubai. Wauzaji hawalipi kodi kwa mtu. Wanafuata taa za jengo, ambazo ndizo taa pekee za uhakika kutoka pale hadi bondeni. Mama mmoja wa rolex aliniambia kuwa hajawahi kuiona pakingi hiyo ikiwa na magari. Anakuja yakiwa yameondoka, anaondoka kabla hayajaja.

Jumapili asubuhi na mapema uwanja ni wa wanaojifunza udereva. Gari lenye herufi L linasogea na kuzimika, linasogea na kuzimika, mpaka misa ya kwanza inapotoka na waumini wanataka kupita.

Halafu kuna siku za mwishoni mwa Mei na mwanzo wa Juni. Asiyekaa upande huu wa mji hawezi kuelewa uzito wake. Tarehe 3 Juni 1886 vijana waliokataa kuikana imani yao walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na kila mwaka mahujaji huja kuadhimisha siku hiyo, wengi wao kwa miguu. Wanaotoka Kenya na mashariki ya Uganda hufuata barabara ya Jinja na kukata kona hapa Kireka. Wanafika wamevimba miguu, wana madumu ya maji na rozari shingoni, na wengi huzungumza Kiswahili. Siku hizo uwanja hugeuka mahali pa kupumzika. Nimewahi kuketi pale na kina mama waliotembea siku nyingi kutoka ng'ambo ya mpaka. Wakavua viatu, wakauliza imebaki mbali gani, na mzee wa geti akawajibu kama mwenyeji: "Mmefika, mama. Kilomita chache tu."

Hayo ndiyo yaliyonifanya niione ile karatasi ya visanduku viwili kuwa na kasoro. Iliwauliza watu msimamo wao juu ya jengo ambalo hawajaliona, wala haikumuuliza yeyote anaufanyia nini uwanja anaoujua. Nilipoanza kuuliza hivyo, nikakuta watu waliotia alama "ndiyo" na waliotia "hapana" wanasema maneno yaleyale. Muuza dawa alikubali ujenzi, lakini wagonjwa wake wazee hushukia mlangoni, na ngazi za kutoka chini ya ardhi zingewashinda. Jirani yangu alikataa ujenzi, lakini angefurahi sana kupata nyumba mpya karibu na kituo. Kijana mmoja anayeishi kwenye muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga chenye choo cha pamoja uani, alitia "ndiyo" kwa wino mzito. Anataka kutoka kwenye muzigo. Nilimwonyesha kuwa karatasi haisemi lolote kuhusu kodi ya nyumba hizo mpya. Akaisoma tena yote, mbele na nyuma, kisha akanirudishia bila kusema neno.

Wengine walikuwa na sababu ambazo sikuzitarajia. Mama mwenye duka la vitenge, Mkongo, alitaka pakingi ilipiwe, tena haraka, kwa sababu mbele ya duka lake hushinda magari ya watu waliokwenda zao mjini kwa taksi. Mhudumu wa kike wa mgahawa alitaka uwanja ujengwe kwa sababu ya saa sita usiku. Taa zikizimwa anavuka lami tupu peke yake, ameshika funguo mkononi, na mara mbili amefuatwa. Kwake yeye uwanja mtupu ni hatari, na hilo lazima lisikike pamoja na sifa zote ninazoupa mimi ninayepita mchana.

Kuna suala ambalo ningelipa uzito kuliko mengine yote. Nalo ni maji.

Kireka imekaa kwenye mteremko. Chini yake kuna bonde la Kinawataka, kinamasi kinachopokea maji ya vilima vya upande huu na kuyapeleka hadi ghuba ya ndani ya Murchison, katika Ziwa Victoria. Ghuba hiyohiyo ndiyo mitambo ya Ggaba huvuta maji, yakasafishwa, yakarudi kwenye mabomba yetu. Zamani sehemu kubwa ya mvua iliishia kwenye udongo na mafunjo. Sasa juu kuna lami na mabati, na bondeni kuna nyumba zetu.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Pakingi ya magari mia, ukijumlisha njia za kupitia, haikosi mita za mraba 2,500. Ikinyesha milimita 30, mvua ya kawaida kabisa kwa alasiri ya Aprili, uwanja huo mmoja unamwaga lita 75,000. Hayo ni matangi saba na nusu, yale meusi ya lita 10,000, yaliyopinduliwa kwa pamoja kwenye mtaro wenye upana wa hatua moja. Mtaro ukijaa, maji yanatafuta mlango. Mama mmoja wa bondeni ameinua kizingiti cha nyumba yake mara tatu kwa matofali. Sasa wajukuu wanahitaji kubebwa ili waingie ndani.

Kwa hiyo kusema kuwa ujenzi utaleta mafuriko si sahihi, mafuriko yapo tayari na pakingi ya sasa ni mmoja wa wazazi wake. Jengo jipya linaweza kuyapunguza, likivuna maji ya paa na kuyaachia polepole. Laweza pia kuyaongeza. Anayechimba ghorofa mbili kwenda chini kwenye mteremko kama huu hukutana na maji ya ardhini, nayo huondolewa kwa pampu, na pampu humwaga bondeni. Ile karatasi haikuwa na neno maji popote. Nilimuuliza mama wa kizingiti angetia alama wapi. Akasema, "Mwalimu, waniambie kwanza yatapita wapi."

Sheria haiko kimya. Sheria ya Mipango ya Maeneo ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kiwanja chake kiko nje ya utaratibu. Ruhusa ya kuendeleza ardhi huombwa kwa kamati ya mipango ya manispaa, kibali cha ujenzi hufuata Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, na mradi wa ukubwa unaodai tathmini ya athari kwa mazingira na jamii chini ya sheria ya mazingira ya 2019 hauwezi kuwaruka watu watakaoathirika. Niliandika haya kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, nikaubandika karibu na geti. Watu kadhaa walinishukuru kwa kuwaeleza jambo dogo tu: kwamba Kira iko wilaya ya Wakiso, na barua ya kulalamikia ujenzi wa hapa haiendi kwa mamlaka ya jiji la Kampala.

Lakini sheria ina upande wake wa pili, na mzee mmoja wa ukoo wa hapa alinikumbusha kwa upole. Ardhi hii ni mailo, mfumo wa umiliki uliotokana na maili za mraba zilizogawiwa kwa mkataba wa Buganda wa 1900. Mwenye jengo alinunua na hati anayo. Wauza rolex hawana kibanja pale, yaani haki ya mkaaji juu ya ardhi ya mwenye hati. Sheria ya Ardhi ya 1998 inawalinda wenye vibanja, haimlindi mtu aliyetandika turubai usiku. "Ni chake," mzee alisema. "Akitaka kupanda migomba apande." Sikumbishia kuhusu umiliki. Nilimwambia tu kuwa maji yakishatoka kwenye kiwanja si ya mwenye hati tena, wala watoto wanaosukumwa barabarani na uzio mpya si wake peke yake.

Hofu nyingine ilitajwa kwa sauti ya chini: kwamba patavunjwa na pasijengwe. Watu wa hapa wana sababu ya kuogopa. Shule ya Shimoni, katikati ya Kampala, ilibomolewa ili hoteli isimame kabla ya mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola wa Novemba 2007. Wakuu walikuja na kuondoka, hoteli haikuwapo. Mwaka 2011 wapangaji wa nyumba za Naguru na Nakawa waliondolewa wakiahidiwa mji mpya, na kwa miaka mingi baadaye waliopita pale waliona majani marefu. Naguru si mbali na sisi. Baadhi ya waliohamishwa walihamia vilima hivihivi. Ukimwambia mtu wa aina hiyo kuwa uzio wa mabati utakaa miezi kumi na minane, anakusikiliza kwa adabu tu.

Tuliomba mkutano wa pili. Mwenye jengo hakutaka mwanzoni, akaona ni kupoteza wakati, ila msanifu wake, kijana mpole, alimshawishi. Tukakubaliana ufanyike palepale uwanjani, Jumapili saa kumi na moja jioni, ili watu wa mchana wawe hawajaondoka na watu wa usiku wawe wameanza kufika. Hapakuwa na meza kuu. Nilikuwa nimetoka shuleni na makasha mawili ya chaki.

Tulimwomba kila mtu atembee njia anayoitumia, kutoka anakoingia hadi anakotokea, akiburuta chaki nyuma yake. Watoto walianza, watu wazima wakafuata wakicheka. Kiganda, Kiacholi, Kiswahili na Kiingereza vilichanganyika, na sikuhitajika kukalimani hata kidogo. Boda wakachora kivuli chao. Mama wa rolex akachora mraba wa meza yake, akauhakikisha kwa hatua. Yule mhudumu wa mgahawa akachora njia yake ya saa sita usiku, mbali na ukuta. Mama wa kizingiti akachora mshale mmoja mrefu, akasema, "Hapa ndipo yanapopita," na kila aliyewahi kusimama pale wakati wa mvua akaitikia.

Baada ya nusu saa lami ilikuwa nyeupe katika sehemu moja tu: mshazari kutoka kwenye jenereta hadi kituo cha taksi. Msanifu alifungua michoro yake, akapiga goti, akailinganisha. Mteremko wa magari ya kwenda chini ya ardhi ulikuwa umechorwa kukatiza mstari huohuo. Kila asubuhi saa kumi na mbili, magari ya wapangaji wapya yangekuwa yanapanda palepale ambapo watoto wanavuka. Alikaa akiutazama mstari ule kwa muda, kisha akamwita mwenye jengo, naye akainama pia. Sikusikia walichoambiana. Nilimwona mwenye jengo akitembea mshazari ule mwenyewe, polepole, hadi kituoni na kurudi.

Michoro iliyopelekwa manispaa ina mabadiliko. Mteremko wa magari umehamishiwa upande wa nyuma. Mshazari umekuwa njia ya miguu yenye taa, ambayo itabaki wazi mchana na usiku, na kwa maandishi, si kwa huruma ya askari. Magari ya wagonjwa yana mahali pa kushushia mlangoni. Kuna tangi la kuvuna maji ya paa. Kama linatosha, hilo nitasema nikiona hesabu zake, maana ukubwa wake haujaandikwa popote kwenye nakala tuliyopewa. Maji ya kupampwa wakati wa kuchimba hayakutajwa, na barua yetu ya kwanza kwa kamati inalihusu hilo pekee. Boda wamepewa nafasi nane ndani ya kiwanja. Kodi ya nyumba bado ni siri ya mwenye nyumba, na malipo ya maegesho yatakuwapo vilevile.

Kuhusu meza za usiku, maelezo ya mradi yana sentensi moja, kwamba wauzaji wadogo "watapangiwa mahali pengine panapofaa." Nilimsomea mama wa rolex sentensi hiyo jioni, wakati akikanda unga. Akaniomba niirudie. Nikairudia. Akauliza, "Wapi?"

Barua ya pili tuliiandika usiku huohuo mezani pake, karatasi ikiwa na alama ya vidole vya unga pembeni. Haina neno jingine zaidi ya hilo alilouliza, na majina ya watu kumi na sita wanaosubiri jibu.